Vidole Vinne vya Zege

Lori la paneli lilikata kona jua likiwa bado changa, na mtaa mzima ukatoka nje kulitazama. Si kila siku watu huona nyumba ikiletwa juu ya lori. Kuta zilikuwa zimesimamishwa wima na kufungwa mikanda, kila ukuta na tundu la dirisha lake, kila tundu limekatwa kiwandani na watu ambao hawajawahi kukanyaga mtaa huu. Nyuma ya lori ilikuja kreni ya kukodi ikinguruma, na nyuma ya kreni pikipiki ya msimamizi wa mradi wa nyumba hizo, dada mmoja kijana mwenye kofia ngumu nyeupe na sauti ya upole.

"Kinyozi, ndiyo nyumba hiyo au ni kibiriti?" jirani mmoja aliuliza.

"Ikishika moto usijali," mwingine alidakia, "mtaa mzima tutaota bure."

Kinyozi alicheka nao. Alikuwa na kila sababu ya kucheka. Tangu vyumba vya zamani vibomolewe kupisha nyumba mpya, kibanda chake cha kunyolea, pembeni mwa kiwanja, ndicho kilichokuwa makazi ya watu wanne: yeye, mkewe aliyekuwa fundi cherehani, mtoto wao mchanga, na baba yake. Mchana wateja, usiku magodoro. Mtu aliweza kuamka na nywele za mtu asiyemjua mdomoni.

Na vyumba vya zamani navyo havikuwa vya kuliliwa. Bati lilikuwa jiko mchana na barafu alfajiri. Mtoto alijaa vipele vya joto shingoni, na feni ilizunguka kutwa kucha ikila umeme na kurudisha hewa ileile ya moto. Siku mkewe alipopelekwa kiwandani kuonyeshwa nyumba ya mfano, saa ya jua kali, aliweka kiganja ukutani akaukuta ukuta wa baridi. Ukuta ule ulikuwa ngozi mbili za mbao, na katikati yake zimeshindiliwa nyuzi za mti, laini kama pamba, zinazozuia joto lisipite. Alirudi nyumbani macho yamemwiva, na usiku ule akamwambia mumewe kwamba hata wakila mara moja kwa siku, nyumba ile ataiingia.

Baba yake Kinyozi aliitwa Mzee Timazi, kama ile kamba ya waashi ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu katika maisha yake yote ya uashi hakuna aliyewahi kuuona ukuta wake umepinda. Kiwanja kilikuwa chake. Vyumba vilivyobomolewa alivijenga yeye, tofali kwa tofali, na mwaka uliopita alikuwa amemwandikia mwanawe kiwanja chote ili apokelewe kwenye mradi. Sharti lake lilikuwa moja tu, tena alilisema akiangalia pembeni kama mtu anayeomba chumvi: katika nyumba mpya awe na chumba chake, chenye dirisha.

Asubuhi ile alikuwa amevaa shati lake la kutokea. Aliifagia sakafu ya zege mara ya mwisho, akasimama kando akiwa na mwiko mkononi, ingawa hapakuwa na kitu cha kupiga plasta.

Kreni ilinyanyua ukuta wa kwanza. Uliyumba hewani, watu wakarudi nyuma, ukashuka taratibu juu ya zege mahali bolti zilipokuwa zimechomoza. Vijana wa mradi wakaushika pembeni, wakausukuma huku, wakauvuta kule.

"Haingii," alisema mmoja.

"Jaribuni pembe ile nyingine."

"Nayo haingii, dada. Matundu yako huku, bolti ziko kule."

Msimamizi alivua miwani, akachukua tepu, akapima upande mmoja hadi mwingine. Akapima tena. Kisha alichuchumaa ukingoni mwa zege na kuweka vidole vyake vinne juu yake, akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine.

"Zege hili limezidi," alisema. "Vidole vinne kila upande. Na bolti zimefuata ukingo, kwa hiyo nazo zimetoka nje. Nani aliyelimwaga?"

Hapa lazima yasemwe mawili ili mtu asimhukumu Kinyozi kabla ya wakati, wala asimwachie kirahisi.

La kwanza ni kwamba mradi ulitaka msingi umwagwe na fundi aliyepitia kiwandani na kuonyeshwa jinsi ya kupima. Kinyozi alilijua hilo. Lakini angeanzaje kumwambia Mzee Timazi, aliyejenga nusu ya mtaa, kwamba aende akafundishwe kupima na msichana aliye rika la wajukuu? Aliona haya. Akampa baba yake vipimo kwa mdomo, kuhusu kiwanda akanyamaza. Na mzee akafanya kama waashi wa zamani wote wanavyofanya, akaongeza vidole vinne kila upande, kwa sababu tofali halijawahi kunyooka na plasta nayo inataka nafasi. Katika uashi wake nyongeza ile ilikuwa heshima kwa mwenye nyumba.

La pili lilitoka kwenye kiti cha kunyolea. Mteja mmoja, kidevu kimejaa povu, aliwahi kusema kwamba mradi ukigundua umempa kazi ndugu yako, wewe unafutwa orodhani siku hiyohiyo na nyumba inakwenda kwa mwingine. Mteja mwingine akasema ni kweli, binamu yake alifutwa. Kinyozi aliyashika maneno hayo kama yametoka serikalini. Vinyozi husikia mengi, na taabu yao ni kwamba wakati wote wameshika wembe, hawawezi kubisha.

"Nimeuliza nani aliyemwaga zege," msimamizi alirudia, bila ukali.

Mzee Timazi alisogea hatua moja na kufungua mdomo.

"Kibarua tu, dada," alisema Kinyozi upesi. "Yule pale. Nilimtafuta tu, sikujua kazi yake."

Mkewe, aliyekuwa na mtoto mgongoni, aligeuka akamtazama. Majirani waliokuwa karibu walitazama chini. Watu huogopa kumharibia mtu nyumba.

Mzee hakushtuka, au kama alishtuka uso wake haukuonyesha. Alimtazama mwanawe kwa muda ambao ungemtosha Kinyozi kusema kingine. Kisha akavua kofia.

"Ni mimi, mama," alimwambia msimamizi. "Niliongeza. Ndivyo tulivyozoea."

"Mzee wangu, ukuta wa tofali ukizidi unaukata. Huu ukija, umekuja." Msimamizi alionyesha ukingo kwa kidole. "Na hata tukiulazimisha, huu ukingo uliobaki nje utashika maji ya mvua. Mbao zitayanywa kwa chini mpaka zioze. Nyumba nzima itakufa kuanzia miguuni."

"Nimeelewa, mama."

Msimamizi alimgeukia Kinyozi. "Kaka, ukingo wote uvunjwe, bolti zikatwe, tutatoboa upya. Kreni nimeiombea irudi kesho kutwa. Ikikuta bado, paneli zinakwenda kwa familia inayofuata. Siwezi kuziacha kwenye mvua, kuna watu wanazisubiri."

"Tutavunja, dada."

"Avunje aliyekosea. Wewe simamia. Na ukikodi mtu siku nyingine, muulize kwanza."

Paneli zilipangwa kiwanjani juu ya magogo, zikafunikwa turubai, na mlinzi wa mradi akaachwa azilinde. Mlinzi huyo ndiye aliyeigeuza kauli moja kuwa maisha. Laiti wangebaki wenyewe, Kinyozi angeanguka miguuni pa baba yake siku ileile na jambo likaishia hapo. Lakini mlinzi aliketi juu ya ndoo katikati ya kiwanja, mtu mchangamfu, mpenda mazungumzo, asiyekosa kitu kwa macho wala kwa masikio.

*

Mzee Timazi alivua shati la kutokea, akalikunja, akashika tindo na nyundo. Zege lake lilikuwa zuri. Hilo ndilo lililomtesa. Hakuwa mtu wa kuiba saruji, na sasa kila kipande kilimdai jasho lilelile alilolimwaga alipokuwa akilijenga.

Jua lilipopanda, Kinyozi alifunga kibanda akaja na nyundo ya kuazima.

"Bosi, utachafuka bure," alisema mlinzi. "Mwache aliyeharibu. Ukiwaonea huruma hawa, kesho wanakupandia kichwani."

Kinyozi alibaki ameishika nyundo kama mgeni aliyeshikishwa mtoto wa watu.

"Niache, bosi," alisema Mzee Timazi bila kuinua kichwa. "Hii kazi ni yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Kinyozi alingoja aone kama kuna mzaha ndani yake. Hakuuona. Akarudi kibandani na kumnyoa mteja vibaya.

Mchana mkewe alileta chakula. Alikuwa amezoea kumpakulia baba mkwe kwanza, kwenye sahani pana, na kupiga goti kidogo anapompa. Leo alisimama na sahani mbili hajui aanzie wapi. Mlinzi alinyoosha mkono akachukua ile pana.

"Asante, shemeji. Na huyu mzee naye mmempa? Vizuri. Wengine wanawanyima."

Mwanamke alimpa mzee sahani iliyobaki. Midomo yake ilisogea, na neno "Baba" likaishia hapohapo bila sauti. Mzee alilielewa. Alipokea kwa mikono miwili, kama kibarua anavyopokea, akaenda kukaa kivulini peke yake.

"Bosi wako anakulipa vizuri?" mlinzi alimwuliza huku wakitafuna.

"Hajanipunja."

"Una bahati. Vijana wa siku hizi hawana utu."

Ndani ya kibanda, kati ya kioo na kiti cha kunyolea, mke alimsubiri mumewe.

"Nenda ukaseme," alimwambia kwa sauti ya chini. "Nenda sasa hivi, umwambie yule mlinzi huyo ni nani."

"Halafu tulale wapi? Hapa? Mpaka lini?"

"Sijui."

"Mtoto hapumui humu kwa nywele na poda. Wewe mwenyewe ulisema utaiingia nyumba hiyo hata ukila mara moja. Ni siku mbili tu. Baba anaelewa, ulimwona. Amenisaidia."

"Amekusitiri," alisema mkewe. "Kusaidia ni kitu kingine."

Kinyozi alikasirika, kwa sababu lilikuwa kweli. Akamwambia kwamba nyumba ikishasimama atamwomba radhi baba yake vizuri, kwa heshima zote, na mzee ataingia chumbani kwake na yote yatasahaulika. Aliamini alichosema. Watu wengi waliofanya mabaya makubwa walikuwa na mpango kama huo.

Jioni lilizuka tatizo ambalo hawakulifikiria. Mlinzi alimwuliza Mzee Timazi analala wapi. Kibarua hawezi kulala chumba kimoja na mke wa bosi wake, hilo halihitaji kuelezwa. Mzee alijibu kwamba angelala palepale, ili aanze mapema. Mlinzi akafurahi kupata mwenzake, akamsogezea kipande cha boksi chini ya turubai.

Mvua ilianza kabla hawajasinzia. Upepo ulishika ncha ya turubai na kuifunua, na mlinzi, aliyekuwa na bidii zaidi ya mdomo kuliko ya mikono, akaanza kupiga kelele za kuomba msaada. Kinyozi na mkewe walipotoka mbio walimkuta mzee amelala kifudifudi juu ya paneli, amelishikilia turubai kwa mwili wake wote, maji yakimpiga mgongoni. Walifunga kamba, wakaweka mawe. Paneli hazikulowa. Mke alivua khanga yake ya juu akamfunika mzee, na mlinzi akasema ana moyo mzuri sana kumtendea hivyo kibarua.

*

Kreni iliporudi, ukingo ulikuwa umevunjwa pande zote nne na kusafishwa vizuri. Msimamizi alipima, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akasema mzee anajua kazi akielekezwa. Vijana wakatoboa na kupandikiza bolti mpya, kisha nyumba ikasimama. Hapakuwa na miezi ya kuchanganya udongo wala kungoja kuta zikauke. Ukuta ulishuka, ukaingia kwenye bolti, ukafungwa nati. Ukafuata mwingine. Nyufa zikazibwa kwa utepe na povu, paa likaja vipande viwili, na kabla watu hawajachoka kutazama palikuwa na nyumba mahali palipokuwa na uwanja.

Mke aliingia, akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi. Alijikaza asilie, kwa sababu hakujua angelia kwa lipi.

Mlinzi aliaga akaenda zake. Mlango ulipofungwa, Kinyozi alipiga magoti mbele ya baba yake. Alisema yote aliyokuwa ameyapanga na mengine ambayo hakuyapanga. Mzee alikuwa akikohoa tangu usiku wa mvua. Alimgusa mwanawe kichwani.

"Inuka. Yamepita."

"Umenisamehe, Baba?"

"Nimesema yamepita."

Akaingia chumbani kwake, akafungua dirisha, akalifunga, akapitisha kidole kwenye kiungo cha ukuta na sakafu akitafuta upenyo wa hewa. Hakuupata. "Wamejenga," alisema, na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa. Kwa siku chache nyumba ilikuwa na amani. Nje jua lilichoma, ndani mtoto alilala bila feni, na vipele vyake vilianza kukauka. Mzee alikohoa kitandani, na mkwewe alimpikia uji na kumpakulia kwenye sahani pana. Kinyozi alianza kupiga miluzi akiwa kazini.

Ndipo msimamizi akaja na wageni. Hakuwa amewaarifu. Alibisha hodi akiwa na watu wanne wa heshima, waliotaka kuona familia inavyoishi katika nyumba ya paneli, na Kinyozi akawakaribisha kwa mikono miwili. Wageni waligusa kuta. Walisifu ubaridi. Msimamizi aliwaeleza habari za nyuzi za mti, na kwamba nyumba kama hii haihitaji feni wala hita, kisha akafungua mlango wa chumba cha nyuma kuwaonyesha dirisha.

Mzee Timazi alikuwa kitandani, amejifunika shuka.

"Kaka," msimamizi aliuliza kwa mshangao, "huyu kibarua bado yuko hapa? Analala ndani?"

Nyumba ilikuwa imesimama. Hakuna kreni ambayo ingekuja kuing'oa siku ile. Kinyozi alikuwa na baba yake upande mmoja na wageni upande wa pili, na kilichotakiwa kilikuwa maneno matatu. Alifungua mdomo. Akilini akamwona yule mteja mwenye povu kidevuni. Akaufunga.

Mzee aliona mdomo ukifunguka, akauona ukifungwa. Akaondoa shuka na kuteremka kitandani.

"Nilikuja kurekebisha mlango, mama," alisema. "Kizunguzungu kikanishika, nikajilaza kidogo bila ruhusa. Bosi hana kosa."

Akainama kutafuta viatu vyake. Alikuwa bado anahangaika na kamba za kiatu cha kwanza pale mkwewe alipopita katikati ya wageni.

"Huyo ni baba yake," alisema. "Ni baba mkwe wangu. Kiwanja hiki kilikuwa chake."

Msimamizi alimtazama Kinyozi. Wageni walianza kutazama dirisha kwa makini sana.

"Baba yako?"

"Nilisikia," Kinyozi alisema, "nilisikia ndugu haruhusiwi. Kwamba tungefutwa."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwa wateja."

"Mradi haujali fundi ni nani wako." Msimamizi alisema taratibu, na ilionekana yeye mwenyewe anaumia. "Tunachotaka ni aje tumwonyeshe kipimo. Asubuhi moja tu. Nusu ya misingi yetu imemwagwa na baba za watu na wajomba zao. Ungeniambia siku ile, ningekaa naye chini, na vijana wangu wangevunja kwa mashine. Nilimwacha mzee wa watu avunje kwa tindo kwa sababu ulisema ni kibarua."

Mzee Timazi alimaliza kufunga kiatu cha pili. Alichukua mfuko wake wa vifaa, akapita. Alimpita mwanawe bila kumgusa wala kumkwepa. Kwa mkwewe alisimama kidogo.

"Asante, binti yangu," alisema, akatoka.

Walidhani ameenda kupunga hewa.

*

Kinyozi alimtafuta kwa ndugu, akamtafuta kwa marafiki wa uashi, akaulizia hospitali. Kila aliyeulizwa naye alimwuliza: kwani mligombana? Akawa anajibu hapana, na kweli hawakuwa wamegombana. Nyumbani mkewe alimpakulia chakula na kumjibu alichouliza, basi. Chumba cha nyuma kilibaki kimefungwa.

Hatimaye mteja mmoja alimwambia kwamba amemwona mzee wake kwenye ile kona karibu na maduka ya saruji, wanapoketi vibarua kusubiri kazi. Analala ghalani kwa rafiki yake mmoja, muuza misumari. Kinyozi hakungoja kumaliza kichwa cha mteja. Alimwacha na nywele upande mmoja akakimbia.

Walikuwa wameketi kwenye ukuta mfupi, vijana kwa wazee, vifaa vyao miguuni. Mzee Timazi alikuwa amekonda. Alikuwa anakohoa ndani ya ngumi.

"Baba," alisema Kinyozi. Alisema kwa sauti kubwa, kila mtu akasikia. "Baba, twende nyumbani. Chumba chako kipo."

Vibarua waligeuka.

"Mzee, huyu ni mwanao?" kijana aliyeketi kando yake aliuliza.

Mzee alisogeza mfuko wake wa vifaa karibu na miguu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomtisha Kinyozi kuliko yote. Alimtazama kwa adabu ile unayomtazamia mtu aliyepotea njia.

"Baba, nakuomba. Nimekosa. Nitamwambia kila mtu, nitamwambia dunia nzima."

Pikapu ilisimama kando yao, na dereva akatoa kichwa. "Nataka waashi wawili, wa kutwa." Vijana walikurupuka, lakini dereva alimwonyesha Mzee Timazi kidole. "Wewe mzee mwenye mwiko, unaonekana unaijua kazi. Panda."

Mzee alijishika magoti akasimama. Kinyozi alimshika mkono, na mzee akautoa taratibu, kama mtu anavyojitoa kwenye mwiba bila kuchana nguo. Akaweka mfuko wake nyuma ya gari. Kikohozi kikamshika, kikamwinamisha, kikamwachia.

Dereva alikuwa akimtazama kwenye kioo, akaingiwa na shaka.

"Mzee, kikohozi hicho sikipendi. Ukiniangukia huko kazini, nimpigie simu nani? Una mtoto?"

Kinyozi alikuwa amesimama hapo, mkono wake ubavuni mwa gari.

"Sina," alisema Mzee Timazi, na kijana mmoja aliyekwishapanda akampa mkono kumvuta juu.